Kitu Kinachoamka Saa Saba

"Harusi ni leo."

Sauti ilikuwa ya Abu Ghassan, mkuu wake wa idara ya upelelezi kule Amman. Simu ikakatika.

Arij Kutishat aliirudisha simu yake ya Thuraya mfukoni. Maneno matatu tu. Harusi maana yake kontena. Leo maana yake leo hii, Alhamisi, saa saba mchana, lango namba tatu la bandari ya Aqaba.

Casio mkononi ilisema saa tano na dakika hamsini.

Dakika sabini.

Kontena lilishuka melini alfajiri. Mtoa habari alijua hilo tu. Kati ya makontena elfu nne yaliyopangwa uwanjani, hakuna aliyejua ni lipi. Ndani mlikuwa na chupa laki moja za insulini bandia, maji na chumvi basi, zimebandikwa lebo nzuri kuliko za dawa halali. Shehena ya kwanza ya uchafu huo ilipita miezi miwili nyuma. Wagonjwa wa kisukari kumi na mmoja walijidunga maji wakidhani ni dawa, wakazikwa. Wa mwisho alikuwa msichana wa miaka tisa. Arij alikwenda kwenye matanga yake kikazi, kuuliza maswali, akatoka bila kuuliza hata moja.

Sasa alikuwa ndani ya Kia ya kijivu, ng'ambo ya lango. Bastola ya Glock 19 chini ya kiti. Redio ya Motorola ya mtandao wa idara mbele yake. Magotini, kompyuta ya ThinkPad iliyochubuka pembe zote, na juu ya kioo chake dirisha moja jeusi lenye herufi za kijani. Silaha ya kweli siku hiyo ilikuwa hiyo ya magotini.

Ngoja nikueleze, maana usipoelewa hili utadhani watu wazima walikuwa wanagombania upepo. Programu za bandari ile hazikukaa kwenye kompyuta ya mtu yeyote. Zilikuwa vipande vya kazi vilivyolala huko mawinguni, kila kimoja kikingoja saa yake. Saa ikifika kinaamka, kinafanya kazi sekunde chache, kinalala tena. Kimoja kinasoma namba za malori, kingine kinafungua lango. Hakuna seva ya kupiga teke, hakuna waya wa kuchomoa. Ukitaka kutia kipande, kukitoa au kukichungulia, unaandika amri kwa Bawabu.

Bawabu kilikuwa chombo kilichoandikwa na Suhail Rababa, mhandisi wa idara. Dirisha jeusi, mstari wa amri, kwisha. Suhail alikiita hivyo kwa kuwa hakiingii kitu wala hakitoki bila kupita kwake. Watu wawili tu nchi nzima walikijua vizuri. Mmoja Suhail mwenyewe. Wa pili Arij, aliyefundishwa na Suhail kwa miaka sita, mstari kwa mstari, kwa ukali na kwa chai nyingi.

Na Suhail, tangu jana jioni, alikuwa mahabusu.

Arij ndiye aliyemtia.

Jana alasiri aliandika *bawabu orodha*, akaona kipande ambacho hakuna aliyekijua. Kinaitwa usafi-7. Kwa maelezo yake, kazi yake ni kufuta faili kuukuu. Kwa kweli, saa saba kamili kinaamka, kinapiga hodi mahali fulani kuuliza namba ya kontena, kinaligonga kontena hilo muhuri wa "limekaguliwa", kinafungua lango la tatu, kisha kinafuta nyayo zake na kulala. Nani alikiweka? Bawabu akajibu bila kigugumizi: Suhail Rababa, kwa ufunguo wake wa siri.

Arij hakusoma zaidi. Aliona jina, macho yakaingia giza. Akapiga simu, akatia saini, na kabla ya magharibi mwalimu wake alikuwa amevishwa pingu mbele ya mkewe. Kipande chenyewe kikaachwa kilale mpaka siku ya harusi ijulikane.

Leo ndipo alipokisoma hicho kipande mpaka chini.

Mstari wa kumi na tisa. Ratiba ya kuamka: Jumatatu hadi Ijumaa.

Aliusoma mara tatu, na kila mara roho ilimshuka zaidi.

Ala! Nani katika nchi hii anaamsha kitu Ijumaa na kukilaza Jumapili? Huku watu wanaanza kazi Jumapili asubuhi, wamenuna, na wanafunga ofisi Alhamisi. Ijumaa Suhail anakuwa kwa mama yake, tumbo limejaa mansafu, amejinyoosha kwenye kochi na simu ameizima. Hata angekuwa na homa kali, mkono wake ungeandika Jumapili hadi Alhamisi. Aliyeandika mstari ule alikuwa mtu ambaye Jumapili kwake ni siku ya kulala.

Jengo zima la bandari lilikuwa na mtu mmoja wa namna hiyo.

Lorens Vaik. Mtaalamu wa kigeni wa kampuni ya Halvorin, iliyofunga malango na kamera zote za bandari. Ghorofa ya tatu, chumba namba nne. Miaka miwili yuko hapa, mpole, anajua kusalimia, anagawa chokoleti. Kila Jumapili mlango wake umefungwa, na hakuna aliyejali. Miezi mitatu iliyopita aliazima kompyuta ya Suhail nusu siku, eti kupima mtandao.

Arij akainyakua Thuraya.

"Afande, si Suhail."

"Umekiondoa hicho kitu?"

"Nisikilize kwanza. Ratiba inasema Jumatatu hadi Ijumaa. Huyu ni Vaik."

"Kalenda si ushahidi, binti yangu."

"Ushahidi utakuja saa saba. Kikiamka lazima kimpigie mtu hodi kuuliza namba. Njia zote za nje zimefungwa, kwa hiyo mtu huyo yumo ndani ya jengo. Nikikifuata kikiwa macho nitaona chumba. Nitaliona na kontena. Kikishalala, kinafuta kila kitu."

"Na kikiamka kinafungua lango."

"Ndiyo, afande."

"Laki moja, Arij."

"Najua."

"Lori likitoka hapo, jioni mzigo umeshagawanywa kwenye magari ishirini. Utaukusanya kwa mikono? Ondoa. Kontena tutalitafuta uwanjani, hata kwa mwezi mzima. Ya Suhail tutayatazama baadaye."

Baadaye! Hiyo baadaye Arij aliijua. Saa tisa Suhail angepakiwa kwenye gari pamoja na faili lake, na faili likishafika Amman halirudi. Tena Bawabu akiondoa kipande anakiondoa na kumbukumbu zake zote. Kingebaki kitu kimoja tu kwenye karatasi: jina la Suhail, na chini yake saini ya Arij.

"Nipe askari wanne langoni," akasema. "Kiamke, lori lije, wao walizuie."

"Kamera ni za nani?"

Arij akaitazama kamera iliyo juu ya lango.

"Ni zake. Akiona hata kofia moja ya askari ataandika mstari mmoja tu, kila kitu kifutike, na rafiki yako abaki na kesi vilevile. Ondoa. Ni amri."

"Nimesikia, afande."

Alisema amesikia. Hakusema atatii.

Tuseme kweli, aliogopa. Upande mmoja alimwona Suhail, mtu anayesoma kila mstari mara mbili kabla ya kugusa kitufe, amekaa sakafuni anajiuliza nani kamchongea. Upande wa pili alimwona yule msichana wa miaka tisa. Hakuna namna ya kuwapima watu hao ukabaki na amani moyoni, na Arij hakuwa nayo.

Pale langoni, honi zikalia.

Akainua macho. Madereva wawili walikuwa wameshikana mashati, wa tatu anawaamulia huku naye anatukana. Zamu. Kila siku ni zamu. Nani katangulia, nani kamkata nani. Kwa siku ugomvi wa namna hiyo hautokei chini ya mara tatu, na kamera ya juu ya lango imeuona mpaka umeichosha. Hakuna anayeshtuka. Hakuna hata anayegeuza shingo.

Arij akafunga ThinkPad, akaitia begani, akashuka garini.

Ofisi ya zamu ilikuwa kontena kuukuu lililotobolewa dirisha. Ndani madereva wanane, moshi wa sigara, birika la kahawa juu ya jiko la gesi, na nyuma ya meza Abu Nayif, mkubwa wa zamu. Mtu mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, na hasira fupi.

"Haya, serikali imeingia!" akasema alipoona kizibao cha forodha alichovaa Arij. "Vijana, ficheni mifuko. Karibu dada. Umetuletea faini gani leo?"

"Leo sina faini, Abu Nayif."

"Basi wewe si wa forodha. Mpeni kahawa, labda amepotea njia."

Wakacheka. Kijana mmoja mwenye masharubu mapya akammiminia funda moja chungu, akampa kwa mkono wa kulia. Arij akakipokea kikombe kwa adabu.

Akakiweka chini mbele yake, bila kuonja.

Vicheko vikakatika papo hapo. Hakuna mtu wa jangwa la kusini asiyejua maana yake. Mgeni akiweka kikombe chini ana haja, na mwenye nyumba asipoitimiza, kahawa ile haitanyweka na aibu haitamtoka. Watu wamepatanishwa juu ya damu kwa kikombe kama kile. Lakini mwanamke, tena wa serikali, ndani ya ofisi ya malori?

"Lahaula!" Abu Nayif akaketi wima. "Unajua unachofanya, binti, au umeona kwenye televisheni?"

"Bibi yangu ni wa Maan, kusini huku huku. Najua."

"Kinywe basi, yaishe. Kama unataka mchumba, huyo mpwa wangu Hazza yuko hapo. Hana akili lakini ana lori."

"Mjomba!" akalalamika mwenye masharubu.

"Haja yangu kwanza," Arij akasema.

Abu Nayif akamtazama, na utani ukamtoka usoni.

"Sema."

"Saa saba kamili lango la tatu litafunguka. Sitaki lipite lori hata moja, dakika kumi. Na isionekane kama amri. Ionekane mnagombana, kama kawaida yenu."

"Sisi? Tunagombana?" Abu Nayif akawageukia wenzake. "Mmesikia tunavyosingiziwa?"

Hakuna aliyecheka safari hii.

"Askari si unao?"

"Ninao. Siwataki waonekane."

"Kwa sababu gani?"

"Siwezi kukuambia."

"Ah! Unaniwekea kikombe chini, halafu huwezi kuniambia. Kuna mtu atakufa?"

"Mkishindwa, wengi."

Abu Nayif akakuna shingo. Alimtazama mpwa wake, akalitazama lango kwa dirishani, akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyeshikwa pabaya.

"Kunywa kahawa yako, inapoa," akasema. "Na hilo neno 'mkishindwa' usilirudie mbele ya wanangu."

Arij akanywa mpaka tone la mwisho.

Saa sita na dakika arobaini na nane alikuwa tena ndani ya Kia. Simu ilikuwa imeita mara sita. Motorola ikakoroma, Abu Ghassan akimwita kwa jina lake la redio.

"Zaituni Mbili. Umeondoa?"

"Bado."

"Rudia."

"Bado, afande."

Sauti ya mzee ikarudi, imechoka kuliko ilivyokasirika. "Arij. Usipoondoa, leo utalala chumba kimoja na Suhail."

"Nimesikia."

Akaizima redio. Akafungua ThinkPad, akaandika: *bawabu fuata usafi-7*.

Dirisha likabaki jeusi. Kimstari kikawa kinawaka na kuzima pembeni, kinawaka na kuzima. Kitu kilikuwa bado kimelala.

Saa sita na dakika hamsini na tano. Mercedes ya zamani, lori la Hazza lenye rangi ya machungwa iliyopauka, ikajivuta mpaka mbele ya lango la tatu, ikakohoa, ikazimika imekaa kikingamo. Hazza akatoa kichwa dirishani.

"Imegoma!"

"Imegoma kwa mama yako! Sogea!"

"Nisogee wapi? Unaona mabawa hapa?"

"Wiki nzima unanikata zamu, leo nakuzika hapahapa!"

Mmoja akavua igali, kamba ya kilemba, kichwani akaibwaga chini. Wa pili akamshika ukosi. Ndani ya dakika moja walikuwa kumi na watano, na Abu Nayif katikati, anaamulia kwa namna inayozidi kuchochea. Kama Arij hangekuwa na roho mkononi, angecheka.

Saa sita na dakika hamsini na nane. Volvo ya buluu ikatoka kwenye foleni ya nyuma, imebeba kontena jekundu. Dereva wake hakupiga honi wala hakutukana. Alingoja tu, injini ikinguruma, macho kwenye taa ya lango. Arij akaona jambo hilo, akajua ni huyo.

Saa saba.

Herufi zikamwagika.

*usafi-7: kimeamka.*

*kinauliza namba. mashine: ghorofa 3, chumba 4.*

Arij akapiga ngumi usukani. "Nimekupata, mwanaharamu!"

*kimepokea: MRU 40771.*

*MRU 40771: limekaguliwa.*

*lango 3: fungua.*

Kizuizi kikainuka. Taa ikawa kijani. Arij alikuwa ameshachomeka flashi, anaandika amri ya kuhifadhi, na Bawabu alikuwa anahesabu mistari kwa upole wake ule wa siku zote, kana kwamba hakuna moto duniani. Asilimia kumi. Thelathini.

Volvo ikaingiza gia.

Haikungoja ugomvi uishe. Ilikwenda moja kwa moja mpaka pua yake ikagusa ubavu wa Mercedes, ikasukuma. Chuma kikalia. Madereva wakaruka pembeni wakipiga kelele, na hizo sasa zilikuwa kelele za kweli. Hazza alikuwa bado ndani, mguu juu ya breki, anasukumwa kiubavu nusu mita, mita moja, mita moja na nusu.

Asilimia sabini.

"Shikilia," Arij akanong'ona. "Shikilia mdogo wangu, shikilia."

Tisini. Mia. *imehifadhiwa.*

*bawabu ondoa usafi-7.*

*Una hakika? Andika jina kamili.*

Aliandika. Macho yalikuwa langoni.

*Jina halilingani.*

Nje, nafasi ya lori ilikuwa karibu imefunguka. Volvo ilirudi nyuma hatua moja ili ije na nguvu.

Arij akafumba macho. Akayafumbua. Akaandika herufi mojamoja kama mtoto wa darasa la kwanza, akasoma mara mbili, akabonyeza.

*usafi-7: kimeondolewa.*

Taa ikawa nyekundu. Lango halikuwa na wa kulishikilia tena, kizuizi kikashuka na kutua juu ya kichwa cha Volvo, kioo kikatawanyika. Arij alikuwa ameshatoka garini, Glock mkononi. Risasi mbili, matairi mawili ya mbele. Dereva wa Volvo akafungua mlango, mkono kiunoni, lakini Abu Nayif alimfikia kwanza, na uzito wake wote. Sijui kama umewahi kuangukiwa na Abu Nayif. Yule dereva hakuinuka mwenyewe.

Hazza akashuka, uso mweupe, anajipapasa mbavu.

"Dakika kumi hazijatimia," akasema.

"Zimetosha," Arij akamwambia, akamshika bega. Kisha akawasha redio huku anakimbia. "Zaituni Mbili. Kontena MRU 40771, liko langoni. Leteni askari. Mimi napanda kwa mwenyewe."

Hakungoja jibu.

Ghorofa ya tatu, chumba namba nne. Mlango haukufungwa. Lorens Vaik alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta yake, anaandika, anafuta, anaandika tena. Begi la safari lilikuwa juu ya kiti.

"Bi Arij," akasema bila kugeuka. "Kuna ghasia huko chini."

"Umekiambia kijifute? Bawabu amekujibu nini?"

Vaik akaacha kuandika.

"Amesema hakuna kitu cha jina hilo," akajibu.

"Mikono juu ya meza."

Akaiweka, polepole. Hakuwa mjinga, aliiona Glock. Arij akamfunga pingu, akachomoa kompyuta yake, akaifunga.

"Nilikosea wapi?"

"Ulipumzika Jumapili."

Alifikiri kidogo, kisha akacheka kwa pua. "Dunia nzima inapumzika Jumapili."

"Nenda ukaiambie dunia."

"Lango lilikaa wazi muda gani?" Vaik akauliza akiwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya udadisi tu, ya mtu wa kazi moja kumuuliza mwenziwe. "Najua ulikiacha kiamke. Ulibahatisha, Bi Arij. Mimi nisingethubutu."

Arij akamsukuma ngazini.

Saa tisa kasorobo Suhail Rababa alitoka mahabusu. Gari la kumpeleka Amman lilikuwa limeshawashwa injini, likazimwa. Shati limekunjamana, ndevu za siku moja, vifundo vya mikono vimechubuka. Mkewe alikuwa ng'ambo ya barabara, anabishana na askari wa zamu ili aruhusiwe kuvuka. Arij alimngojea Suhail kando ya Kia, akamfungulia mlango, na kabla hajakaa vizuri akamwambia.

"Mwalimu. Saini ilikuwa yangu."

"Nilijua," Suhail akasema. "Nani mwingine anajua kusoma orodha ile? Jina langu lilikuwepo. Hata mimi ningetia saini."

Arij akageuza uso dirishani. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Huruma hiyo ilimvunja zaidi.

"Nipe nisome," Suhail akasema.

Akampa ThinkPad. Akasoma kama alivyosoma siku zote, kutoka mstari wa kwanza, kidole kikishuka na macho. Kwenye chumba namba nne akatikisa kichwa. Kwenye namba ya kontena akaguna. Kisha kidole kikasimama.

"Lango lilifunguka saa saba na sekunde mbili."

"Ndiyo."

"Uliondoa sekunde ya arobaini na tatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Sekunde arobaini na moja lilikuwa wazi. Nini kilizuia lori?"

"Lori lingine. Madereva. Mercedes."

"Ya mwaka gani?"

"Themanini na tatu."

Suhail akafunga ThinkPad taratibu.

"Ulikisoma mpaka chini saa tano na dakika hamsini. Ungekiondoa pale pale, kontena lisingetoka. Ulilijua hilo."

"Nililijua."

"Na uliambiwa."

"Mara tatu."

"Arij, breki za lori la miaka arobaini. Watoto wa watu nyuma yake."

"Ungekwenda jela maisha yako yote."

"Ningekwenda!" akafoka, na mkewe ng'ambo ya barabara akageuka. Akashusha sauti. "Ningekwenda. Ndiyo kazi yenyewe. Ungekuwa wewe ndani na mimi nje, ningekiondoa, ningekuacha humo, na ningelia kila siku. Lakini ningekiondoa."

"Najua," Arij akasema, na ilikuwa kweli. Alimjua tangu siku ya kwanza.

Suhail akamtazama mtu aliyemwokoa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na hasira pia ilikuwemo.

"Nataka kukushukuru," akasema mwishowe. "Nimejaribu, hapa hapa nimejaribu. Siwezi."

Akashuka. Akavuka barabara kwa mkewe, na mwanamke yule akamshika kwa mikono miwili kama anayehofu watamrudisha. Hakugeuka nyuma. Arij hakutarajia ageuke.

Thuraya ikaita. Abu Ghassan.

"Kontena limefunguliwa. Laki moja kamili," akasema mzee. "Waziri anataka kukupongeza. Mimi nataka bastola yako na kitambulisho, kesho saa tatu."

"Kesho Ijumaa, afande."

"Njoo hivyo hivyo."

"Nitakuja."

Akavaa miwani ya Ray-Ban, akaingiza gia, akaipeleka Kia barabarani bila haraka, mkono mmoja kwenye usukani. Askari wa zamu akampigia saluti, naye akaipokea kwa kichwa. Ukimwona ungesema mwanamke huyu anatoka sokoni.

Lakini njia nzima aliirudia ile dakika. Alimweka Hazza chini ya Volvo, aliweka chupa laki moja kwenye magari ishirini, alimweka yule msichana wa miaka tisa mbele ya macho yake, akajiuliza tena, kwa haki, bila kujionea huruma. Na kila alipojiuliza, mkono wake uliandika *fuata*, haukuandika *ondoa*. Angerudishwa saa tano na dakika hamsini, angefanya vilevile, na hilo ndilo lililomtisha mpaka Amman.